Kichwa Kisichotulia

Dada yangu ni daktari wa magonjwa ya akili, na maisha yake yote ya kazi yameishia kwenye kupiga picha za bongo za watu. Anasaka alama za baipola, ugonjwa wangu huu, ulionipandisha siku moja mpaka nikang'oa milango ya nyumba ya baba na kuigawa kwa wapita njia, kisha ukanishusha nikashindwa hata kuoga. Alianza kwa ajili yangu. Cha kuchekesha ni kwamba katika vichwa vyote alivyovichunguza, changu hakimo.

Mashine ya kupigia picha hizo inataka ulale kama gogo. Ukitikisika kidogo tu, picha inaingia ukungu, na kwa dada picha yenye ukungu ni takataka. Kila nilipoingia nilijikuna, au nilicheka, au niliomba kutoka. Naye aliifuta bila kupepesa macho. Niliwahi kumwambia kwamba anawachunguza wagonjwa wanaojua kutulia, sisi wenye ugonjwa wenyewe anatutupa. Siku hiyo chakula chake cha mchana kilibaki pale pale mezani.

Mimi sikuitaka picha kwa ajili ya sayansi yake. Nilitaka baba aione. Baba anashikilia kwamba siumwi chochote, ni ukaidi tu, na tangu mambo ya milango hajanipa mkono. Sasa amezeeka, na niliogopa atakufa akiniona hivyo.

Wiki yake ya mwisho kabla ya kustaafu, dada aliniita. Akavua saa, hereni na pete, maana mashine ile huvuta chuma, akaingia nami chumba cha mashine, akanishika kifundo cha mguu. Mashine ikagonga weee, nami nikatulia tuli. Nililia, lakini machozi hayatikisi kichwa.

Picha ikatoka safi. Dada aliitazama mpaka fundi anayeendesha mashine akaanza kukohoa kohoa.

"Haionyeshi kitu, mdogo wangu," alisema. "Ya mtu mmoja haionyeshi. Mpaka uweke mamia pamoja ndipo tofauti inajitokeza, tena ndogo."

Nikamwambia basi, tusimsumbue baba. Yeye akaibeba tu.

Nyumbani, baba aliiinua dirishani, akaigeuza huku na huku.

"Ugonjwa wenyewe uko wapi?"

Nikainamisha uso. Namjua dada yangu. Aliwahi kuukana utafiti wake mwenyewe mbele ya wenzake kwa sababu ya hesabu moja iliyopinda. Akasogea, akaweka kidole juu ya picha, mahali popote tu.

"Hapa, baba."

Baba akasogeza macho karibu. Kisha akaiweka picha chini, akanyoosha mkono, akanishika kichwa upande ule ule alioonyeshwa, taratibu, kama anayepapasa jipu la mtoto.

"Panauma?" akaniuliza.

"Panauma, baba," nikamjibu. Dada alikuwa ameshatoka nje.