Isale kwa Mkono wa Boksi

...na jani lenyewe mjukuu amelikata pale pale mpakani mwa kihamba, shamba lao la nyumbani, kwenye masale aliyoyapanda babu yake, Bibi Elinipendo amelijua kwa ule mchirizi wa njano pembeni, amelijua na fundo lake, fundo bovu la mtoto ambaye hajawahi kuonyeshwa, na sasa isale hilo linamjia hewani, limebanwa na vidole viwili vya katoni, mkono mzima wa katoni, boksi la mafuta ya kupikia, ubavuni bado limeandikwa yale maandishi yake ya bluu, unanyooka kidogo, unasita, unanyooka tena, na darasa zima lililojaa wazazi linangoja bibi apokee, naye mikono yake ameilaza juu ya kitenge cha kanisani na hainyanyui ng'o... "Mkono huu, wageni wetu, hauna umeme wala betri," Mwalimu Eunike anasema kule mbele, kipaza sauti kinakoroma kama mbuzi mwenye mafua, "mwanafunzi akibonyeza bomba la sindano upande huu, maji yanapita kwenye mpira wa dripu, yanasukuma bomba la upande ule..." maji, ndiyo, nani aliyeyateka maji hayo, nani aliyekanyaga matope jikoni muhula mzima mtoto akijaza na kumwaga mabomba yake ya sindano, kila Jumamosi mradi wa roboti, kila Jumamosi vijana wa Moshi mjini wanapandisha na gari lao lenye makasha ya nyaya, na Bibi anabaki na ng'ombe wawili na mzigo wake wa majani. "Pokea basi, Mama Beatrice," Mzee Elisaria anamnong'oneza, jirani wa miaka yote, anamsukuma kwa kiwiko, "likono hilo lisije likachoka likakulamba kofi," na benchi la nyuma linacheka, cheka mzee, wewe cheka, hukuwepo. "Na jani hilo lina maana gani, Kindness?" yule mgeni wa mradi anauliza, Madam Victoria, mwenye miwani juu ya nywele, na mtoto anajibu kwa sauti ya mchwa, "Ni isale, madam." "Isale ndiyo nini?" "La kuomba msamaha." "Jamani!" Madam Victoria anashika kifua, anawageukia wenzake, "mmesikia? Na umemkosea nini bibi yako?" Watu wanacheka tena, kicheko cha upole, cha harusini, kisha kinakauka, maana mtoto hajibu, amesimama nyuma ya meza na sare yake iliyopigwa pasi na mikono ya nani, mabomba mawili mkononi, anatazama chini. Sema. Haya, sema sasa, si umeulizwa, wana masikio wote hapa, sema ulichomkosea bibi yako, au ulidhani boksi litakusemea, ulidhani utanipa jani mbele za watu nami nitalipokea kwa sababu isale halikataliwi na yaishe kimya kimya, mimi na wewe tu tujue, ulivyonikana ulinikana mchana kweupe, msamaha unauleta kwa mafumbo... Isale halikataliwi, baba yake Bibi ndivyo alivyokuwa akisema, mtu akikulia njama, akikugeuzia maji ya mfereji usiku migomba yako ikakauka, siku akija na isale unameza, usipomeza laana inahamia kwako, lakini baba aliona watu wakija kwa miguu yao, wazee wawili mbele na kata ya mbege, pombe ya ndizi, mkosaji anainama anataja kosa lake kwa mdomo wake mwenyewe, lote, na ushuzi wake, ndipo jani linatoka, hakuna aliyewahi kulituma kwa boksi. Na yule mwanamke hata hamjui, ndilo linalomkaba, Madam Victoria amempa mkono asubuhi hii mlangoni, "shikamoo bibi, hongera kwa kulea," akiinama vizuri kabisa kama aliyelelewa, na hakuona kitu, kitenge na kilemba na viatu vya Krismasi vimetosha kumfanya mtu mwingine, wakati siku ile walipokuja nyumbani kupiga picha, mwezi haujaisha, Bibi alikuwa akipandisha kutoka tambarare na mzigo wa majani mgongoni, kamba imemkata paji la uso, gambuti zimejaa udongo, gunia kichwani kwa ajili ya manyunyu, akawakuta uani wamemzunguka Kindness na mashine yake, na Madam Victoria akauliza, "huyu ndiye bibi yako?" kwa uzuri tu, akitaka kusalimia, na mtoto aliyemnyonyesha kwa chupa tangu Beatrice, mama yake, aende Holili mpakani kuuza nguo, mtoto aliyembeba usiku kwa usiku hadi hospitali ya Mawenzi pumu ilipombana, mtoto huyo alimtazama bibi yake kuanzia gunia mpaka gambuti na akasema, "Hapana madam, bibi ameenda kanisani, huyu ni mama anayetukatia majani." Hakugugumia. Angegugumia angalau. Na Madam Victoria akasema, "Pole na kazi, mama," halafu, "samahani mama, sogea kidogo, tusikupate kwenye picha," naye akasogea, na picha ndiyo ile, imebandikwa ukutani pale chini ya saa mbovu, Kindness anacheka na mkono wake wa boksi, nyumba nyuma yake, na pembeni kabisa, ukijua pa kutazama, ncha za majani, majani tu, mwenye majani hayumo... "Jamani anaona aibu," Madam Victoria anasema, "tumpe nafasi," ndiyo mpe, mpe nafasi ajikaange, maana umeshasema mwenyewe tulipoingia, mtoto mmoja tu wa shule hii ataenda Dodoma kwenye mashindano, hatuangalii akili peke yake, tunaangalia na tabia, haya, tabia ndiyo hiyo imesimama mbele yako, mtoto akisema kweli yake Dodoma imekufa, ataenda yule mwana wa Thadeus mwenye kigari cha vifuniko vya soda, na asiposema, Bibi anajua, yeye mwenyewe akipokea jani sasa hivi, sasa, kwa mkono wake wa kulia na tabasamu, swali litaanguka lenyewe chini kama ganda la ndizi, watu watapiga makofi, picha itapigwa, na safari hii atakuwemo, na ndiyo maana hapokei, ameshikilia hicho kitu kimoja alicho nacho, kukaa. Sema. Wiki tatu hukusema. Aliingia jikoni jioni ile ile, wageni wameondoka, akavuta kigoda, akasema, "Bibi, leo tunakula nini," na Bibi akasema, "Muulize anayekukatia majani," neno hilo moja tu, na tangu hapo ni kimya, sahani inawekwa, sahani inaoshwa, mtoto anaamka kabla hajaitwa, anafagia mpaka banda la ng'ombe ambalo hakuwahi kufagia, hasemi, na juzi Jumatano kaja na kisu, "Bibi, isale linafungwaje?" akaambiwa, "Kwa mikono," basi, na Bibi akaona raha kidogo kusema hivyo, raha chungu kama kuuma jino bovu, mtu mzima mwenye miaka sabini na tatu anaona raha mtoto wa darasa la tano akizunguka nyumba na jani mkononi... na vidole vile vinatetemeka, si vya katoni, anaviona sasa, maana Mwalimu Eunike amesogea pembeni, katoni haitetemeki yenyewe, kutetemeka kunatoka kule nyuma ya meza, mtoto amebonyeza bomba kwa dole gumba mpaka kucha imekuwa nyeupe, akilegeza kidogo tu jani linashuka, maji yakisukumwa huku yanatokea kule, ni mfereji tu huo, mwalimu angesema mfereji watu wote wangeelewa, anayefungua juu hukumuona lakini maji yaliyokufikia ni yake, kwa hiyo si boksi lililoleta, ni yeye, ni dole gumba lake, amelishikilia tangu nilipokaa kimya na hajalegeza... na lile neno, mama anayetukatia majani, analitafuna kila akilala, leo kwa mara ya kwanza linamjia kwa sauti nyingine, si ya mtoto, analisikia kwa sauti yake mwenyewe, asubuhi, moshi wa jiko, Kindness katikati ya magoti yake anasukwa, anavutwa nywele, anajikunja, na Bibi anasema, soma, mjukuu wangu, soma usije ukawa kama mimi, mimi ni nani, mimi si mtu, mimi ni mkata majani, ng'ombe anayewakatia ng'ombe wenzake, unaniona miguu hii, unataka miguu hii? na mtoto anasema, "Sitaki, Bibi." Unataka mgongo huu? "Sitaki." Basi soma. Kila asubuhi. Kama sala. Tangu chekechea. Na alikuwa ameitoa wapi yeye sala hiyo kama si kwa baba yake, siku alipomnyang'anya daftari akampa kaka yake Filemon, "huyu wa kike atakata majani, majani hayaulizi kusoma," akalia siku mbili na ya tatu akashuka tambarare na mundu, akaapa akijaliwa mtoto hatamwambia hivyo, na kweli hakumwambia hivyo, alijisema mwenyewe, alichukua kisu cha baba akajichinja nacho kila asubuhi mbele ya mtoto, huku akimsuka, ili mtoto aone damu akimbie, na mtoto ameona, amekimbia, siku walipomuuliza huyu ni nani alijibu alichofundishwa, neno kwa neno, hakuongeza hata chumvi, mtoto mwenye kichwa kile, kinachoshika mara moja, walimu wote wanasema Kindness hafundishwi mara mbili. Mtoto umleavyo, mchungaji hupenda kusema, na watu huwageukia wazazi wa walevi, kumbe hata aliyelea vizuri inampata. Na siku ile uani, ngoja, siku ile uani alipoulizwa, nani aliyejibu baada yake? Bibi mwenyewe, hakuna aliyemshika mdomo, angetua mzigo akasema mimi ndiye bibi yake, maneno manne, lakini aliinamisha kichwa kile chenye gunia akasema, "Karibuni, wenyewe hawapo." Wenyewe hawapo! Kwenye kihamba chake, penye kaburi la mume wake, akasema wenyewe hawapo, na akasogea kutoka kwenye picha kabla mwanamke hajamaliza kusema samahani, alisogea haraka, kama aliyezoea, kama aliyengoja miaka yote aambiwe asogee. Kwa hiyo nani alimkana nani. Na isale hili linakuja huku linatafuta nini, limepotea njia, aliyepaswa kukata jani ni mwingine, lakini mkubwa anampelekeaje mtoto isale, wazee wangecheka mpaka mbege iwatoke puani, hakuna aliyewahi kuona, isale hupanda tu, kwa baba, kwa mjomba, kwa aliyekuzidi, haliteremki, basi kosa la mkubwa kwa mdogo huenda wapi, hukaa wapi... "Bibi Kindness, msaidie mtoto basi," Mwalimu Eunike anasema bila kipaza sauti, na Mzee Elisaria ameacha kucheka, anamtazama usoni, amenusa kitu. "Kindness?" Madam Victoria bado anatabasamu lakini tabasamu limeanza kuchoka pembeni, "tuambie, mama, umekosa nini?" na mtoto anainua uso, kwa mara ya kwanza leo anamtazama bibi yake moja kwa moja, macho yamejaa, na anavuta pumzi, kifua cha sare kinapanda, atasema, ni mtoto wa kusema, atataja lote kwa mdomo wake kama wazee wa zamani, na Dodoma iende, na lile sema ambalo Bibi alikuwa akilitafuna limegeuka ulimini, usiseme, nyamaza mwanangu, meza, ukilisema hapa litakuwa lako maisha yako yote na halikuwa lako, usiseme, na ni kunyoosha mkono tu, jani limefika karibu na goti lake, apokee yaishe, lakini apokee kama nani, kama aliyekosewa? na mikono iko pale pale mapajani, mizito, na mtoto amefungua mdomo.