Mikono Magotini

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa nne asubuhi, wanachama wapatao ishirini wa mji mdogo wa Wynyard hubeba kompyuta zao zinazoendeshwa na mfumo wa Linux hadi kwenye ukumbi ulio nyuma ya klabu ya bowls, ule mchezo wa kuviringisha mipira kwenye nyasi, na kabla birika halijachemka Pip Haddow husimama kusoma kanuni. Si nyingi, na zote ni za adabu. Hakuna kumcheka anayeuliza. Hakuna kumwambia mtu akasome mwongozo. Angeuelewa huo mwongozo asingekuja. Mtu akiandika nywila yake, geuza uso. Shida ikiisha, waandikie wenzako kwenye orodha ya barua pepe namna ilivyoisha, usiseme tu "imepona, asanteni" ukatokomea. Na iliyo kubwa kuliko zote: msaidizi haigusi kibodi ya anayesaidiwa. Mikono magotini, husema Pip, ambaye amefundisha hesabu miaka ishirini na hana haja ya kupaza sauti. Halafu humtazama Lindsay Prowse.

Lindsay alikuwa na miaka sitini na sita, na thelathini na minane kati ya hiyo aliimalizia juu ya nguzo za umeme. Mtu wa nguzo hana subira. Waya ukikatika usiku wa mvua hushuki kumuuliza mwenye nyumba ana maoni gani, unaunganisha, taa zinawaka, unakwenda kwingine. Alipostaafu mikono ilimwasha vibaya sana. Alifungua mashine ya kufulia iliyokuwa haina ugonjwa wowote, akaifunga ikiwa na ugonjwa, mpaka mkewe akamwambia atafute mahali pengine pa kuipeleka mikono hiyo. Ndipo akajiunga na chama hiki cha Linux. Linux aliijua kweli, hakuna aliyembishia, na kwa mara ya kwanza tangu aivue kofia ya kazi kulikuwa na watu waliomsubiri kwa jina.

Lakini tayari alikuwa na makosa mawili kwenye daftari la Pip. La kwanza, alimrekebishia mwanachama mwenzake Carmel mtandao kwa dakika mbili, vidole vikiruka kama anafukuza nzi, na mwezi uliofuata Carmel akarudi na swali lile lile, maana hakuona kilichofanyika. La pili, alimpokonya bwana mmoja kipanya mkononi. Bwana yule alimalizia chai yake kwa heshima zote na hakuonekana tena. Kosa la tatu ni kuhamishiwa meza ya chai mwaka mzima: kuchemsha maji, kupaka skonzi jamu, kuosha vikombe. Si kazi ya aibu, na kuna wanaoipenda. Kwa Lindsay ingekuwa kumwaga unga mara ya pili ndani ya miaka miwili, naye hakuwa na hakika kama angeistahimili.

Kwa hiyo Jumamosi hiyo alikaa kwenye kiti chake akiwa ameikalia mikono yake yote miwili.

Aliyeletwa mbele yake alikuwa Wim Oosterhof, miaka themanini na minne, aliyelima maua ya tulipu kule Table Cape tangu alipotoka Uholanzi akiwa kijana. Alikuwa na laptopu nene ya zamani, ya uzito wa kreti la viazi. Betri ilikuwa imekufa siku nyingi, akaeleza, kwa hiyo mashine huishi kwa waya tu, ukichomoka, imezimika. Linux iliyokuwa ndani ilikuwa imezeeka, naye alitaka kunakili mpya kwenye flashi, aiwashe kompyuta kutoka kwenye hiyo flashi, aionje kwanza. Amri ya kuiandikia kompyuta ifanye hivyo aliipata kwenye orodha ya barua pepe ya chama wiki mbili nyuma, akainakili kwa kalamu kwenye karatasi, herufi moja moja. Alitaka kuandika mwenyewe. Alilisema hilo mara mbili.

Lindsay akauliza swali ambalo kila msaidizi huanza nalo.

"Vitu vyako una nakala zake?"

"Ninazo mbili," akasema Wim kwa fahari.

"Safi. Ziko wapi?"

"Humu humu ndani. Moja iko kwenye folda, nyingine iko kwenye folda iliyo ndani ya folda hiyo."

Lindsay akaminya midomo. Akauliza vitu vyenyewe ni vitu gani. Wim akamfungulia. Picha elfu sita za mkewe Hanneke, aliyefariki miaka mitatu iliyopita. Hanneke na buti za manjano katikati ya matuta. Hanneke juu ya trekta, amekasirika. Na video moja fupi ambamo Wim anaanguka kwenye mtaro na Hanneke, badala ya kumwinua, anacheka mpaka kamera inatikisika. Wim alisema huiangalia kila asubuhi anapokunywa kahawa.

Hapo Lindsay angepaswa kusimamisha kila kitu mpaka picha zile zihamishiwe mahali pengine. Alijua. Lakini daftari la Pip lilikuwa akilini mwake, akaogopa kuonekana ameanza tena ubabe wake, akajiambia kwamba kinachoandikwa ni flashi tu, diski ya ndani haihusiki, watanakili baadaye. Akaikalia mikono.

Ukumbi ulikuwa umechangamka. Kwenye meza ya pili walikuwa wanabishana kuhusu printa, na ubishi wa printa chamani hauna mwisho. Vifaa vya masikioni vinavyomsaidia Wim kusikia vikaanza kupiga mbinja. Akavitoa, akaviweka kando ya kikombe, akaanza kuandika kwa kidole kimoja. Alikuwa akiitafuta kila herufi, akiipata alitabasamu kidogo, halafu akasahau alipofikia na kurudi kwenye karatasi. Lindsay alijikaza kisabuni. Angeweza kuiandika amri ile kwa sekunde nne huku amefumba macho.

Ni vizuri msomaji ajue kwamba amri yenyewe haina adabu hata kidogo. Inaambiwa: chukua hiki, kiandike pale. Nayo huandika, na chochote kilichokuwa pale hukanyagwa bila kuulizwa, na hakirudi. Na "pale" hutajwa kwa herufi moja tu mwishoni, herufi inayosema ni diski ipi.

Wim akamaliza mstari, akabonyeza enta. Kompyuta ikaomba nywila, kama inavyofanya siku zote kabla ya kazi nzito. Wim akaanza kuiandika, na Lindsay, kwa kuwa ni mtu wa kanuni siku hizi, akageuza uso.

Macho yake yakaangukia ile karatasi.

Mwanzoni aliipenda. Amri safi, fupi, ya mtu anayejua kazi. Akajiuliza ni nani chamani anayeandika vizuri hivyo. Halafu akaona chini yake Wim alikuwa amenakili mpaka salamu ya mwisho: "Usiogope, haiumi." Hakuna mtu mwingine Wynyard anayemalizia barua zake hivyo. Ilikuwa amri yake mwenyewe. Aliituma wiki mbili nyuma akiwa anasubiri mkate uive kwenye tosta, akamjibu mtu aliyejiita Mkulima, akajisikia fundi.

Na mwishoni mwa amri kulikuwa na herufi a.

Kwenye kompyuta ya Lindsay, ambayo ni mpya, diski ya ndani ina jina lake refu la kisasa, kwa hiyo flashi ndiyo inayoitwa a. Kwenye kompyuta kuukuu kama ya Wim, a ndiyo diski ya ndani. A ndiyo Hanneke na buti zake.

"Wim, simama," akasema. Wim hakusikia. "Wim, acha kwanza." Wim alikuwa ameinamia vitufe, midomo ikihesabu herufi za nywila. Ilikuwa imebaki moja. Ikawa haikubaki hata moja. Kidole kikanyanyuka kwenda kutua kwenye enta, na Lindsay aliona wazi kwamba akimshika mkono mzee yule asiyesikia atashtuka, na mkono ulioshtuka hushuka. Basi akajitupa chini ya meza, akaukamata waya wa umeme, akauchomoa.

Skrini ikawa nyeusi. Ukumbi mzima ukageuka, hata wale wa printa. Kuizima kompyuta ya mtu kwa kuichomoa ikiwa kazini, mbele ya watu wa Linux, ni kama kupita katikati ya kanisa na mbwa.

Pip akaja taratibu. "Lindsay," akasema, "umefanya nini?"

"Kibodi sijaigusa," Lindsay akajibu kutoka chini ya meza.

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka kwenye viwanja vya bowls. Wim akavirudisha vifaa vyake masikioni, akaelezwa kuhusu herufi ile, akaelezwa tena, na uso wake ukabadilika rangi. Waya ukarudishwa. Kompyuta ikawaka kwa manung'uniko, ikajikagua diski yake muda mrefu kuliko lazima, watu wote wakiwa wamesimama roho juu nyuma ya viti. Halafu folda ikafunguka na Hanneke akawa juu ya trekta, amekasirika vile vile. Wim alivua miwani akaifuta. Ilibidi aifute mara kadhaa.

Sasa Lindsay akawa shujaa. Carmel alimletea skonzi kubwa kuliko zote yenye malai ya kumwagika. Mtu wa printa alimpiga begani. Pip, ambaye hatoi sifa ovyo, alisema mbele ya wote kwamba atayafuta yale makosa mawili daftarini, kwa sababu huyu amejifunza kuzuia mikono hata moto ulipowaka. Ndicho hasa Lindsay alichokuwa akikiota miezi mitatu. Aliuma skonzi yake, macho yakiwa kwenye ile karatasi.

Hakuna aliyeuliza amri ilitoka wapi. Orodha ya chama ina barua maelfu, Wim hakukumbuka nani alimjibu, na karatasi ilikuwa imelowa chai. Angeweza kunyamaza. Alitafuna, akamtazama Wim anayemwonyesha Carmel ile video ya mtaro, akaona hawezi.

"Pip," akasema, "amri ile niliiandika mimi. Mimi ndiye niliyemjibu. Sikumuuliza kompyuta yake ni ipi wala diski zake zinaitwaje. Nilichukua ya kwangu nikampa."

Video ikasimamishwa. Pip akalifungua tena daftari lake.

"Yaani uliigusa kibodi yake," akasema, "yeye akiwa kwake na wewe ukiwa kwako."

Ndivyo ilivyokuwa hasa.

"Hiyo ni ya tatu," akasema Pip, si kwa ukali. Lindsay akainuka, akaichukua skonzi yake iliyoumwa, akaenda meza ya chai. Alikunja mikono ya shati akaanza kuosha vikombe. Hakumlaumu mtu. Lakini alishukuru kwamba mwenye kuosha vyombo huwapa watu mgongo.

Pip alimwambia Wim kwamba msaidizi mwingine atakaa naye badala ya Lindsay. Wim alishukuru. Akachomoa waya wake, safari hii kwa utaratibu, akaikumbatia ile kompyuta kifuani, akaanza safari ya polepole kuvuka ukumbi. Alifika meza ya chai, akasogeza sahani ya skonzi, akaiweka kompyuta katikati ya jamu na siagi, akawa anatafuta soketi karibu na birika.

"Wim," Pip akaita, "huyo ndiye nusura azimalize picha zako."

"Nimesikia. Nilikuwa nimevaa masikio." Wim alikuwa ameipata soketi. "Tangu Hanneke afe, wanangu wamenichukulia funguo za gari. Wamenichukulia msumeno. Binti yangu ananikatia mkate. Wote wananipenda, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia, baba, hapa nilikosea. Huyu kaniambia mbele za watu. Nitakaa hapa."

Pip akatafuta kanuni ya kumzuia. Kanuni inasema msaidizi aende kwenye chai. Haisemi anayesaidiwa asimfuate. Akarudi kwa watu wa printa, na waliomwona wanasema alikuwa anacheka.

Wim akaketi. "Haya," akasema. "Niulize ulichopaswa kuniuliza."

Lindsay alikuwa na mikono ndani ya povu mpaka viwiko. Alitamani kusema mambo mengi, kwamba anaomba radhi, kwamba ataiandikia orodha leo leo, kwamba kwanza kabisa picha ziende mahali pengine. Aliyaacha yote yangoje zamu yao.

"Kompyuta yako," akasema, "ina diski ngapi, na wewe unaziita nini?"

Wim aliinamia skrini. Alisema atalazimika kuangalia, na kwamba hajui pa kuanzia, na kwamba asiambiwe bado. Kidole chake kikaanza kutafuta, kikapotea, kikarudi mwanzo. Dakika zikapita. Maji ya vyombo yakapoa. Lindsay alisimama pale na kikombe kimoja mkononi, akamsubiri, na katikati ya kusubiri akagundua kwamba alikuwa na furaha.