Cheche za Pini ya Kreni

Pini ilikuwa imeshachongwa ikang'aa, na gari la kuipeleka kwenye kreni lilikuwa linanguruma mlangoni. Bi Cheche, kama karakana nzima ilivyomwita, aliokota kipande kilichobaki pini ilipokatwa, akakigusisha kwenye jiwe la kusagia. Mazoea tu. Wengine huonja mchuzi, yeye hutazama cheche.

Zikatoka fupi, zikipasukapasuka kama kichaka. Chuma cha pua ni chuma na kaboni kidogo tu, lakini kaboni ikizidi kiduchu tabia yote hugeuka. Chuma laini hutoa cheche ndefu, tulivu. Hiki kilikuwa kigumu, cha kutengenezea patasi. Ukikichomelea kikapoa haraka, hukatika bila kuaga. Na pini hii ingechomelewa ishike ndoano ambayo kaka yake hushinda chini yake kutwa.

"Baba mdogo, hii haitoki."

Mwenye karakana, mdogo wa marehemu baba yake na ndiye aliyemfundisha kazi, akacheka. "Mwanangu, alama ya rangi kwenye ncha ya kipande hujaiona? Kijani. Laini hiyo."

"Rangi nimeiona. Cheche nazo nimeziona."

"Macho yako yanataka chai."

"Yakinywa yataona vilevile. Nipe dakika tano. Nikikosea, nafagia karakana mwaka mzima."

Wala hakutetereka. Alikitia kipande motoni hadi kikawa chekundu, akakizamisha majini, akakibana kwenye jiliwa, akashusha nyundo. Chuma laini kingepinda. Hiki kilikatika ta! Mafundi wakasogea kutazama.

Baba mdogo aliokota nusu iliyoanguka, akaigeuza kutazama ilipokatikia. Miaka nenda miaka rudi amewaimbia mafundi sheria moja: kateni upande usio na rangi, ili rangi inayoonyesha aina ya chuma ibaki.

"Nani kakata upande wa rangi?" fundi mmoja akauliza.

Bi Cheche alijua, maana alimwona mzee na brashi ya rangi juzi. Lakini alimpenda mno, hakutaka kumuumbua mbele ya watu.

"Mimi," baba mdogo akasema. "Nikapaka upya kwa kukisia."

Akatoa simu, akampigia kaka mtu. Hakumung'unya maneno.

"Mwanangu, usisimame chini ya hiyo ndoano mpaka nilete pini nyingine. Pini itachelewa. Nilikosea mimi, dada yako kakuokoa."