Asiyeweza Kukimbia

Tangu atoke hospitali na goti la chuma, Dorca alikuwa amegundua kwamba dunia imejaa vitu vya kukimbiwa. Mbwa wa jirani. Pikipiki zinazopanda mpaka wanakopita watu wa miguu. Maji ya mtaro yanayofurika mtaani Nyalenda kila mvua ikinyesha. Zamani hakuviona, kwa sababu mwenye miguu mizima huwa havioni. Daktari alimwambia waziwazi kwamba atembee, tena atembee sana, lakini asikimbie wala asiruke maisha yake yote. Dorca aliitikia kwa kichwa. Hakumuuliza swali lililomkaa kooni, kwamba siku kitu kikimjia, yeye afanye nini.

Daktari alikuwa na neno la pili. Goti la kushoto nalo lilikuwa limekwisha, na hatalipasua mpaka Dorca apunguze uzito. Hapo ndipo penye kazi. Miezi aliyokaa kitandani watu wa kanisa walikuja kumwona, na watu wa Kisumu hawaendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Walileta samaki wa kukaanga, chapati na soda, kisha wakaketi kuhakikisha amekula. Aliingia hospitali mnene, akapona akiwa mnene zaidi. Cherehani yake ya kushonea sare za shule haikumsaidia pia, kwani hiyo ni kazi ya kukaa. Alijaribu kujinyima chakula peke yake na akadumu mpaka jioni.

Kabla goti halijaharibika, alikuwa katika kikundi cha akina mama waliofanya mazoezi alfajiri kwenye njia ya Dunga kando ya ziwa, chini ya kocha mmoja aitwaye Gordon. Huko ndiko pekee alikowahi kupungua, maana kule ukichoka unaona haya kuketi wenzako wakikutazama. Basi ilikuwa arudi kikundini, au akubali goti la kushoto limweke kitini mpaka kufa. Alilijua hilo vizuri, na bado kila wiki hakwenda. Mara kuna sare za kumaliza, mara kuna matope, mara kuna mgeni kutoka Kombewa. Alitoa kila sababu isipokuwa ile ya kweli. Dorca alikuwa mama wa kuheshimiwa, na hakuwahi kumwambia binadamu yeyote kwamba anaogopa.

Aliyemchokonoa mpaka akatoka ni Maximilla, jirani yake wa mlango wa tatu, mama wa kutoka Busia anayeuza mitumba na asiyejua kunyamaza.

"Mama Ooko, hiyo goti ulinunua ya kuweka kwa kabati?" alimuuliza Dorca.

"Nyinyi mnakimbianga. Mimi nitabaki nyuma peke yangu."

"Si nitatembea na wewe. Wacha hao wakimbie. Mimi siwezi kukuacha hata kidogo."

Alisema hayo mkono ukiwa kifuani, kama mtu anayeapa, na Ijumaa Dorca akaenda.

Akina mama walimkumbatia, wakalisifu goti, kisha wakaanza kukimbia taratibu huku wakiimba pambio. Muda si muda wakamezwa na ukungu, ikabaki sauti tu. Maximilla alitimiza neno lake. Alimshika Dorca kiwiko akatembea naye, akimsimulia habari za wateja wanaotaka koti zuri kwa bei ya soksi. Dorca hakusikia hata nusu. Macho yake yalikuwa chini, yakikagua kila jiwe, na moyo ulimdunda kuliko hatua zilivyostahili. Upande mmoja wa njia palikuwa na mashamba ya sukuma wiki, upande wa pili mafunjo, na nyuma ya mafunjo ziwa. Jasho lilianza kumtoka mgongoni. Likampendeza, akajikuta anatabasamu.

Ndipo wimbo ukakatika katikati.

Akina mama walirudi. Wale ambao Gordon alikuwa akiwabembeleza kila siku waongeze mwendo walitoka kwenye ukungu kwa mbio ambazo hakuwahi kuwafundisha, na Gordon mwenyewe alikuwa ametangulia. "Rao," mmoja alilia kwa Kijaluo alipompita Dorca, na neno hilo kila mtu wa ziwani analijua. Kiboko. Dorca alihisi vidole vya Maximilla vikikaza kwenye kiwiko chake. Halafu havikuwepo tena.

Aligeuka akimbie. Kiwiliwili kiligeuka, miguu ikakataa. Goti jipya lilikakamaa, lile bovu likapinda kwa maumivu, akasimama pale pale katikati ya njia huku visigino vya wenzake vikizidi kwenda mbali. Hakuna aliyetazama nyuma.

Kiboko alitoka kwenye sukuma wiki bila haraka, tumbo limejaa, ngozi inang'aa kwa umande. Alikuwa anarudi majini, na kati yake na maji alikuwa amesimama Dorca. Hata mtoto mdogo wa huku anafahamu kwamba hapo ndipo pabaya kuliko pote. Mnyama alisimama, akamtazama kwa macho yake madogo, akapumua. Dorca alisikia pumzi ile miguuni mwake. Mkojo ulimtoka, ukateremka mpaka kwenye raba, na hakuona haya, kwa kuwa haya ni za mtu anayetarajia kuishi.

"Nyasaye," alimwambia Mungu wake, kwa sauti ndogo. Akashika nguzo ya ua wa shamba na kuuvuta mguu mmoja pembeni. Kisha wa pili. Alisogea ubavu ubavu, kiganja kikichanwa na waya, akihesabu kwamba kila hatua ndiyo ya mwisho, mpaka njia ya kwenda majini ikawa wazi. Kiboko akapita. Mafunjo yalivunjika, maji yakapokea kitu kizito, kisha kukawa kimya.

Walimkuta bado ameikumbatia nguzo. Ilibidi wambandue vidole. Mmoja alimfunga leso kiunoni. Gordon hakuweza kumtazama usoni.

"Mama, naona ukuwe unafanyia mazoezi nyumbani," alisema. "Huku si salama kwako."

Maximilla alikuwa amesimama mbali, mikono kichwani, na walipoanza kurudi alitembea nyuma ya wote.

Siku mbili zilizofuata Dorca hakushona. Akifumba macho anasikia ile pumzi. Alimchukia Maximilla Jumamosi nzima. Jumapili kanisani, katikati ya mahubiri, alijiuliza yeye angefanya nini angekuwa na miguu ya Maximilla, na jibu likaja upesi mno, akalisukuma kando. Jirani hakuja kumwona, wala sauti yake haikusikika uani.

Jumatatu alfajiri Dorca alivaa raba. Mikono ilikuwa baridi, na kamba zilimshinda kufunga mara mbili. Alitoka, akapita milango, akagonga wa Maximilla.

"Enda tu, Mama Ooko," sauti ilitoka ndani, nzito ya kulia. "Mimi sina uso. Nilikuacha."

"Uliniacha, ndiyo."

Dorca aliegemeza paji la uso kwenye mlango wa mabati. Kulikuwa na maneno mengi ya kumrushia, ameyapanga siku mbili, na yote yalikuwa haki yake. Lakini alipofungua mdomo yalitoka mengine, ambayo hakuwahi kumwambia mtu.

"Fungua, nyaminwa, dada yangu," alisema. "Ninaogopa kwenda peke yangu."