Miche Iliyoogeshwa

Fundi cherehani alikuwa mtu wa usafi kupindukia. Hata suruali ya kuendea shambani aliipiga pasi mpaka mkunjo ukasimama wima. Mkewe alishamzoea. Yeye mwenyewe ndiye aliyeshindwa kuzoea harufu iliyokuwa ikitoka mteremkoni, nyuma ya nyumba.

Mteremko wenyewe ulikuwa wa ukoo, na ulikuwa umechoka. Kila mvua ilichimba makorongo na kuondoka na udongo, mahindi yakabaki membamba, yanasimama kwa kujikaza tu. Mke wa fundi na wanawake wenzake walikuwa wameshapanda miti mara mbili. Mara zote mbili mbuzi wa wifi yake, yaani dada mkubwa wa fundi, waliifyeka yote.

“Wifi, hii ndiyo mara ya mwisho,” alisema dada mtu. “Ikiliwa tena, mteremko unarudi kuwa malisho. Usije ukanililia.”

Basi wakapanda mara ya tatu, na mke wa fundi akaja na dawa: mavi ya mbuzi hao hao, yakakorogwa na maji mpaka yakawa uji mzito, yakapakwa kwenye majani ya kila mche. Mbuzi hali kitu chenye harufu ya kinyesi chake. Walikuja, wakanusa, wakapiga chafya, wakaenda zao wamenuna. Miche ikashika. Ila kwa macho, jamani, ilikuwa aibu tupu.

Hapo ndipo zikaja habari kwamba bwana misitu anakuja kukagua. Akiridhika, kikundi cha wanawake hao kitapata mizinga ya nyuki. Fundi akakosa raha. Mgeni wa heshima vile, aonyeshwe miti iliyopakwa mavi? Wanawake walipokwenda kumpokea barabarani, yeye akajitia kubaki kulinda nyumba. Akabeba ndoo ya maji na mabaki ya flaneli, akaanza kuogesha miche jani kwa jani, huku akipiga mluzi. Safu nzima ya juu ikang’aa. Akarudi nyuma kidogo, akashika kiuno.

“Sasa hii ndiyo miti!” alisema.

Mbuzi nao waliona hivyo hivyo. Alipogeuka, beberu alikuwa ameshamaliza mche wa kwanza na yuko kwenye wa pili. Fundi akapiga kelele, akarusha kiatu, akapunga flaneli. Beberu akamtazama kama mteja aliyeambiwa nguo yake itakuwa tayari kesho. Nyuma yake kundi zima lilikuwa linapanda.

Roho ikamruka. Pipa la ule uji lilikuwa pembeni, limefunikwa. Fundi, mtu ambaye hata mpini wa jembe aliushika kwa kitambaa, akachovya mikono yote miwili mpaka viwiko, akaanza kupaka. Akapaka majani, akapaka mashina, akateleza akajipaka mwenyewe, akainuka, akaendelea. Mbuzi wakaikimbia miti, na yeye wakamkimbia zaidi.

Katika hali hiyo ndipo mkewe, dada yake na bwana misitu walipomkuta. Nusu ya safu ya juu ilikuwa vijiti.

“Si nilisema?” Dada mtu alikunja mikono kifuani. “Imeliwa.”

Mke wa fundi aliinama, akashika kijiti kimoja kilichobaki bila jani. Fundi alimwona. Angeweza kumtupia beberu lawama zote.

“Dada, niliiosha mimi,” alisema. “Niliona aibu mbele ya mgeni. Ile ambayo sikuigusa, hebu itazame, haina hata alama ya jino. Mke wangu hana kosa. Kama ni kumfukuza mtu hapa mteremkoni, nifukuze mimi.”

Dada yake akamkagua kuanzia kichwani hadi miguuni. Huyu alimlea mwenyewe. Alijua alivyokuwa akilia tope likimgusa kidole. Akajaribu kununa, kicheko kikamshinda, akacheka mpaka akakaa chini. Bwana misitu, aliyekuwa amenyoosha mkono kumsalimia fundi, akaurudisha mfukoni taratibu.

Dada mtu akajifuta machozi, akasimama, akamgeukia mke wa fundi.

“Wifi, lete ndoo nyingine,” alisema, huku akipandisha mikono ya gauni lake. “Tupake haraka, kabla wale majambazi wangu hawajarudi.”