Nishani ya Kaka Tomasi

Polycarp alikuwa hajavua hata viatu simu ilipolia. Tangu alfajiri alikuwa akiendesha basi la shule huku North York, Kanada, theluji ya kwanza ya Novemba imemwagika ovyo barabarani, watoto wanapiga kelele mgongoni kwake. Mtu wa miaka hamsini na saba, saa ile anachotaka ni chai na kiti, basi. Lakini aliyepiga alikuwa Evans, mtoto wa kaka yake, kutoka nyumbani Kibosho, na alikuwa analia.

"Baba mdogo, mzee ametutoka."

Kaka Tomasi alikuwa amelala jana yake na hakuamka. Polycarp akakaa pale pale mlangoni, sakafuni, makoti yakimning'inia kichwani. Walilia kidogo, kisha Evans akajikaza akasema shida yake. Jeshi litaleta vijana wa kupiga risasi za heshima, kwa sababu marehemu alivishwa nishani ya ushupavu ya vita vya Kagera. Padri anataka wasifu wa kusoma. Na wao watoto hawajui baba yao alifanya nini huko vitani.

"Kila tukimuuliza alisema, mwulizeni baba yenu mdogo. Haya, nakuuliza. Uandike wewe. Sisi tutausoma kaburini, ninyi muusome huko kwenye misa yenu."

Makubwa hayo! Maana Tomasi hakuwahi kukanyaga vitani hata siku moja.

Ilikuwa hivi. Mwaka sabini na nane mwenyekiti wa kijiji alisimama na orodha ya vijana wa kwenda kupigana, lori la jeshi linanguruma pembeni. Jina la Tomasi lilikuwamo, lakini mwenyewe alikuwa nyumbani ameshika kichwa. Mkewe, Josephine, alikuwa amejifungua juzi yake na damu ilikuwa haikatiki. Sasa kule Kibosho, watu wakienda msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kusafisha mfereji, majina husomwa, na ndugu humwitikia ndugu yake, akamfanyia zamu yake, na hakuna wa kuuliza. Jina la Tomasi likaitwa mara mbili. Mara ya tatu Polycarp, kijana wa miaka kumi na tisa ambaye hakuwamo kwenye orodha, akajibu, "Nipo!" Mwenyekiti akamtazama, akatia alama, akaendelea na jina lililofuata. Ndiyo hivyo, mtu alivichukulia vita kama zamu ya mfereji. Alirudi baada ya mwaka na zaidi, karatasi zake zote zina jina la kaka yake, na akanyamaza.

Miaka ikapita, Polycarp akahamia Kanada na mkewe Asumpta na binti yao Sara. Kisha serikali ikaanza kuwatafuta mashujaa wake. Tomasi akapiga simu. "Wananiita nikavishwe nishani. Nifanyeje, mdogo wangu?" Polycarp alikuwa ametoka kazini, hoi. "Jina ni lako, kaka. Nenda kapokee." Asiyekuwepo na lake halipo, wahenga hawakukosea. Picha ya Tomasi, nishani kifuani, uso kama mtu aliyekamatwa, ikaja kwa simu, na Sara akaitia kwenye fremu akaitundika sebuleni.

Hilo Polycarp angelivumilia. Lililomkaa rohoni ni neno la Sara mwenyewe. Mwaka uliopita walibishana kuhusu kurudi nyumbani, na binti akamtupia, "Baba mkubwa aliipigania nchi. Wewe uliikimbia." Polycarp alitoka nje akasimama kwenye baridi bila koti. Hajawahi kulijibu.

"Sasa mwenye jina amekufa," Asumpta alimwambia usiku ule wa simu ya Evans, akimwekea chai. "Mwambie mwanao ukweli. Au unangoja na wewe ufe?"

"Askari wako njiani, mama Sara. Nimwambie Evans, baba yako alivaa cha mtu?"

"Sikusema Evans. Nimesema Sara."

"Sara na Evans wanaongea kila siku. Akijua huyu, kesho anajua yule, na kesho kutwa shemeji Josephine anaaibishwa mbele ya jeneza la mumewe."

"Basi kaa na ushujaa wako mezani uunywe na chai," Asumpta akasema, akaenda kulala. Hasira zake zilikuwa za kumhurumia, na Polycarp alijua.

Akashika kalamu. Kila jambo lilimjia kama la kwake, akalikata, akaandika "marehemu". Mkono ulimuuma. Alichoka, jamani, alichoka uchovu ambao usingizi hauuondoi.

Jumamosi, baada ya misa ya kumwombea marehemu, watu wa nyumbani waishio huko walikusanyika kwenye ukumbi wa kanisa. Polycarp akavaa miwani akasoma. Lori la risasi lilishika moto katikati ya majeruhi. Dereva alikuwa amekufa. Marehemu hakuwahi kushika usukani maishani mwake, lakini alipanda, akaliondoa lori kwa gia ya kwanza, gia ya kwanza tupu, kwa kuwa hakujua kubadilisha. Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Njia nzima marehemu alikuwa akimwita mama yake kwa sauti, akaruka likiwa limebaki kidogo lilipuke. Majeruhi wote wakapona.

"Mwanamume huyo!" mzee mmoja akapaza sauti. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Polycarp akakunja karatasi, akangoja yaishe.

Wakatoka kwenda kwenye gari. Sara alikuwa na macho mekundu. Akasimama kabla ya kufungua mlango.

"Baba, na wewe wakati ule ulikuwa wapi?"

Asumpta akakohoa. Polycarp akamtazama mkewe, akatazama theluji chini. Neno lilikuwa limemfika kooni, neno moja tu, na binti yake angekuwa wake tena. Akamfikiria Josephine akiwa ameketi kando ya jeneza.

"Nilikuwa nyumbani," akasema. "Shemeji Josephine alikuwa mahututi. Ilibidi mtu abaki naye."

Sara akamshika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu akiwa mtoto. Akazungumza Kiswahili, polepole, akitafuta maneno.

"Si kitu, baba. Si kila mtu anaweza kuwa shujaa. Nilikusema vibaya mwaka jana. Nimekusamehe."

"Asante, mwanangu," Polycarp akasema.