Nyapara Watatu wa Mtandao

Nilikuwa nimejigamba, sikatai. Wiki tatu mfululizo niliwaambia wanachama wa mtandao wetu kwamba Jumamosi, mchana peupe, mtu yeyote aje azime mashine yoyote anayotaka, na hakuna simu itakayokatika kutoka Kianda mpaka Kabiro.

Jumamosi ikafika. Saluni ya Everlyne hapa Kianda, Kibera, ilijaa wanachama kuliko wiki ya Krismasi.

Mtandao huu tuliujenga wenyewe. Tulipanda mapaa ya Kibera na Kawangware tukafunga antena, nyumba kwa nyumba, hadi zikafika elfu mbili. Lakini jukwaa, yaani programu inayoendesha yote hayo, inayoamua nani aingie na antena ipi ipunguziwe mzigo, lilikaa kwenye kompyuta moja kuukuu. Ikizimika, nyumba elfu mbili zinazimika nayo. Watu walikuwa wamechoka. Brandon Murunga, kijana wa kampuni fulani ya mjini, alikuwa ameleta mkataba: kampuni ichukue mtandao wote, sisi tubaki wateja. Kura ilikuwa saa kumi, na jaribio langu ndilo lingeamua.

Jukwaa lile nilikuwa nimelivunja vipande mia moja na arobaini, kila kimoja ndani ya kontena yake, nikavisambaza kwenye klasta, kundi la mashine tatu zinazofanya kazi kama moja. Moja ilikaa hapa saluni. Ya pili kwa Osewe, fundi wa redio ambaye kibanda chake kiko nyuma ya saluni. Ya tatu kwenye cyber ya Kevin, kule Kabiro, Kawangware.

"Fikiria mjengo," nilimweleza mwenyekiti wetu, Seline, ambaye sote tunamwita Mama Daisy. "Kontena ni vibarua. Kila mashine ina nyapara. Kibarua akianguka, nyapara anasimamisha mwingine. Mashine nzima ikifa, nyapara wawili waliobaki wanakubaliana, wanagawana kazi yake."

"Na akibaki mmoja?"

"Mmoja haamui kitu. Hawezi kujua kama wenzake wamekufa au ni yeye amepotea. Lakini mbili kufa pamoja?" Nikacheka. "Milango tofauti, mita tofauti. Haiwezekani."

"Bro," Brandon akasema, "Kibera hii hii?"

Mama Daisy alimpigia bintiye Kisumu, simu ya video kupitia mtandao wetu. Daisy akatokea jikoni kwake, anakata sukuma wiki. Antena ya juu ya paa ina betri yake ya sola, kwa hiyo hiyo haikunitia wasiwasi.

"Chagua mashine," nikamwambia Mama Daisy. "Chomoa plagi yake tu."

Yeye akaenda moja kwa moja kwenye swichi kubwa kando ya mlango. "Hapa stima haipoteagi plagi moja moja," akasema, akazima saluni nzima.

Draya ikanyamaza. Mteja mmoja akabaki na nywele zilizokauka upande. Kwenye simu, Daisy aliganda mdomo wazi. Sekunde ishirini. Dakika. Dakika mbili. Nikaangalia laptopu yangu: saluni imekufa. Kwa Osewe pamekufa. Kabiro iko hai, nyapara mmoja peke yake, anangoja wenzake kama mtu aliyesahauliwa stendi.

Nilipandwa na hasira. Nikampigia Kevin nikamfokea, nikalaumu antena, nikalaumu upepo. Lawama zangu zilikuwa zimefika kwa anayetengeneza nyaya za antena wakati Osewe alipoingia, chuma cha kulehemu mkononi.

"Everlyne, si ungeniambia unazima? Nimeachwa katikati ya redio ya mtu."

Nikashusha simu.

"Osewe," nikasema polepole, "mita yako iko wapi?"

"Iko. Inaleta shida tangu mwezi jana. Everlyne akanirushia waya wa stima kutoka kwake."

"Jirani ni jirani," Everlyne akasema, mikono kiunoni. "Na hukuniuliza, Muia. Uliniuliza kama nina nafasi ya kuweka kompyuta. Nafasi nilikuwa nayo."

Watu wakaanza kumgeukia Osewe, na ulimi wangu ulikuwa tayari kuwasaidia. Lakini waya ule niliujua. Siku ya kufunga mashine yake ulipita usawa wa shingo yangu, nikauinamia nisijikwaruze, nikaendelea na kazi.

"Ni kosa langu," nikasema. "Nilihesabu milango."

Brandon alitoa kalamu. Mama Daisy akaangalia saa.

"Bado saa nane na robo. Kura ni saa kumi. Ukinipa kitu cha kuzima kabla ya hapo, nitakizima."

Tukawasha stima, tukang'oa mashine ya kwa Osewe, tukaipeleka kwa miguu hadi Makina, mtaa mwingine wa Kibera. Osewe alikataa nimsaidie kuibeba. Everlyne aliacha mteja wake na nusu ya kichwa, akaja na aproni yake. Mama Zamzam, mshonaji mwenye duka karibu na msikiti, alikubali tuiweke chini ya meza ya kukatia vitambaa, mradi isipige kelele. Kabla hatujaitua, Everlyne alikuwa nje, shingo juu, akifuata waya kutoka soketi hadi mita, kutoka mita hadi kwenye nguzo.

"Hii ni yake peke yake," akasema. "Wekeni."

Nikakaa kwenye benchi katikati ya vipande vya kanga nikaanza kuinua jukwaa. Hifadhidata kwanza, kwa sababu vipande vingine vikiamka kabla yake vinalia na kuanguka, vinalia na kuanguka. Kisha vingine nyuma yake, kumi kumi. Mia moja thelathini na tisa vikasimama. Kimoja kikagoma. Sikumfokea mtu, nikangoja. Kikasimama.

Tulirudi Kianda kwa boda boda, zimebaki dakika nane. Mama Daisy alimpigia tena Daisy, kisha akaazima simu yangu na kumpigia Kevin kule Kabiro.

"Kevin, zima. La, si plagi. Zima yote."

Daisy akaganda, kisu hewani. Nyapara nilikuwa nimempa nusu dakika ya kuhakikisha mwenzake amekufa kweli, na sasa nusu dakika ile ilikuwa ndefu kama Kwaresima. Brandon alihesabu kwa sauti, bila haraka. "Thelathini na saba. Thelathini na nane."

"...ukiweka chumvi mapema inatoa maji," Daisy akaendelea. "Mama? Mbona mnaniangalia hivyo?"

Mikono ya kubaki na mtandao wetu ikainuka. Nilihesabu ishirini na sita, nikaacha. Brandon alikunja mkataba wake vizuri, akaniinamia. "Huyo wa saluni, anafanyanga kazi ya kuandikwa?"

"Muulize mwenyewe."

"Kuna sharti," Mama Daisy akasema. "Kuanzia leo hakuna mashine itawekwa mahali kabla Everlyne hajaona waya yake. Na wewe, Muia, utamshikia ngazi."

Jumatatu asubuhi nilikuwa Kabiro, nyuma ya cyber ya Kevin, nimekumbatia ngazi kwa mikono miwili. Everlyne alikuwa juu, kichwa chini ya mabati.

"Hii nyeusi inaenda wapi?"

Jibu nilikuwa nalo, zuri, limepangika, na nililiamini kidogo tu.

"Sijui," nikasema.

"Shikilia vizuri basi. Nafuata."